Mama, Hapana Chama

Shule miye nilisoma miaka mitatu, na ule wa tatu sikuumaliza, juu mwalimu alinipiga fimbo nikamuuma kidole. Kwa hiyo mukiona hapa neno imeandikwa vibaya, muvumilie. Lakini nyimbo niliandika. Kila juma wimbo moja, miaka na miaka, na kazi yangu sikuiacha ata siku moja. Bantu balinisema: fundi wa kampani ya shaba, unatafuta nini mu nyimbo, unataka kuwa nani? Nilitaka kuwa fundi anayeandika nyimbo. Basi.

Kazi yenyewe ilikuwa bobinaje. Mota ya umeme ikiungua, inaletwa ku atelye yetu, tunatoa waya ya shaba ya zamani, tunazungusha mupya. Mizunguko unaihesabu na mudomo. Ukipoteza hesabu, unafungua yote, unaanza tena na moja. Benzangu balihesabu namba. Miye namba zilinichosha, nikahesabu na nyimbo: kila silabi muzunguko moja. Shefu wa atelye alisema kwanza nimeingia wazimu. Halafu aliona mota zangu hazirudi, akaniacha nihesabu vile. Njo vile: juma nzima mukono inazungusha waya, mudomo inatafuta neno, na siku ya yenga, kisha misa, naandika mu kaye na kalamu ya risasi. Ile kalamu niliifunga kamba shingoni, juu batoto balikuwa wanaiiba. Lakini ile ni habari ingine.

Mama yangu alikufa kule kwetu Mitwaba. Barua ilinifikia wakati alikuwa amekwisha kuzikwa. Tukafanya matanga ku nyumba yangu mu kampi ya kampani, bantu bakaja, na miye niliimba ile niliyoitunga nikizungusha waya:

Mama, mugongo yako ilikuwa barabara,
miye nilipita, weye ulibakia.

Juu nilipokuwa mudogo muguu ulinivimba, akanibeba siku mbili ku mugongo mpaka ku dispansere. Silabi ishirini na nane, hesabu mwenyewe. Bamama ba kampi baliichukua ile wimbo. Kila matanga, ya nani ao ya nani, baliimba ile. Nilisikia bantu wanalia mama yao na maneno yangu.

Siku moja delege wa Chama akaingia mu atelye. Wakati ule kila atelye ilikuwa na delege yake. Yeye njo alichagua nani atacheza, nani ataimba wakubwa wakija. Alivaa abakosi yake, ile koti ya Chama, na vifungo mpaka shingoni, ata karibu na fanasi, moto ya kuyeyusha shaba, jasho inatiririka kama bomba imepasuka.

"Sitwayen," akaniambia, juu wakati ule bwana ilikatazwa, bote tulikuwa sitwayen, "wimbo yako bantu bote wanaijua. Mukubwa anakuja toka Kinshasa. Utatupatia."

"Iko wimbo ya kilio, sitwayen delege."

"Tunabadilisha kidogo tu. Pahali pa *mama*, unatia *chama*. Silabi mbili kwa mbili. Ata waya yako haitajua."

Shiye tulisema *parti*, lakini yeye hakutaka Kifaransa mbele ya Mukubwa, juu Kifaransa iko ya bazungu. *Sitwayen* je? Sikumuuliza.

Nikamwambia rafiki yangu wa gitare, Mukasai, karani ku duka moja ya katikati ya muji. Akaweka gitare chini, akacheka mpaka akakohoa.

"Yaya, kaka yangu, sikia vizuri. 'Chama, mugongo yako ilikuwa barabara.' Kwa hiyo tunakanyaga Chama mugongo? 'Miye nilipita, weye ulibakia.' Chama imebakia nyuma! Ukikataa watakufunga. Ukikubali pia watakufunga."

Bibi yangu hakucheka.

"Baba ya batoto," akasema, "nyumba iko ya kampani. Lopitali iko ya kampani. Unga ya kampani. Imba hiyo chama, tupumue."

"Na mama yangu?"

"Mama yako angesema batoto bakule."

Ile ilikuwa kweli. Kwa hiyo nilijaribu, sitaficha. Asubuhi nikakaa ku mota, nikaanza: *Chama, mugongo yako...* Mukono ukasimama. Niko ku muzunguko wa ngapi? Sijui. Nikafungua waya yote, nikaanza tena. Mara tatu. Mara ya ine nikasukuma kwa nguvu mpaka mwisho, na ile mota ikarudi siku ileile na moshi. Mota yangu ya kwanza kurudi. Shefu akaniangalia, miye nikaangalia moshi. Nikatoka, nikaenda kumwambia delege: hapana.

"Hatuna lazima na weye," akasema. "Tuna lazima na wimbo."

Akaifundisha bamama ba kampi yeye mwenyewe, kila siku kisha siren ya kazi.

Siku ikafika. Uwanja ilijaa, bamama mu bitenge vya Chama, jua kali, Mukubwa chini ya hema. Mwimbishaji akaanza sawa vile alifundishwa: *Chama!* Na bale mamia bakajibu. Lakini ile midomo ilikwisha kuzika bababa na badada na ile wimbo. Midomo ikajibu: *Mama!* Mwimbishaji akarudia, *Chama!* Bakajibu, *Mama!* Mwanamuke moja akaweka mikono ku kichwa, akaanza kulia. Halafu wa pili. Halafu uwanja muzima ikawa matanga, na Mukubwa anaangalia kama muntu aliyeingia nyumba isiyo yake.

Delege akarukia mikro.

"Mukubwa! Wimbo hii iko ya mama ya Kiongozi wetu wa inchi!"

Makofi. Delege anapumua. Mukubwa akauliza nani aliitunga, na bantu bakanisukuma mbele. Bakaniwekea mikro ku mudomo.

"Ni kweli, sitwayen? Iko ya mama ya Kiongozi?"

Nilimuona bibi yangu kule, anatikisa kichwa: sema ndiyo, sema ndiyo. Neno moja tu. Lakini mama aliyenibeba siku mbili ku mugongo alikuwa moja tu.

"Hapana, Mukubwa. Iko ya mama yangu. Alilima mihogo kule Mitwaba. Yeye hakujua Chama, na Chama hakikumujua."

Mukubwa akasema tu: "Baimbaji bengine baingie."

Kisha siku tatu nikatolewa mu bobinaje. Nikapewa beleshi, kusukuma mawe meusi yanayobakia shaba ikiisha kuyeyuka. Bibi yangu hakusema na miye juma nzima, halafu akanishonea kitambaa ya kufunika pua.

Delege alipita kuniangalia. "Hapa utahesabu nini, sitwayen?"

"Beleshi."

Na nilihesabu. Nyimbo zikawa fupi, beleshi haina pumuzi ya waya. Kila juma moja, miaka ine. Rafiki yangu wa gitare alisema zile njo nzuri kupita zote.

Mu mwaka wa ine mama ya delege akafa. Ku matanga hakuna adui. Kampi nzima tulienda. Nikakaa mbali, ku ukuta. Bamama bakaanza wimbo yangu, ingine ni gani? Yeye alikaa ku mukeka, vifungo ya shingo wazi kwa mara ya kwanza. Nilimuangalia mudomo. Nilingojea.

*Mama,* akaimba. Akaimba zote, na machozi, mpaka *weye ulibakia*.

Nilipoenda kumupa mukono, hakuniita sitwayen.

"Iko wimbo muzuri, ndugu," akasema.

"Iko silabi ishirini na nane," nikamwambia. "Isibadilishwe ata moja."

Akaitika na kichwa. Asubuhi nikarudi ku beleshi.