Cherehani Haizimwi

Baridi ilikuwa ya kukata mifupa siku fundi wa nguo aliporudi nyumbani na kifungua mimba wake. Mama mkwe akafunga madirisha yote na kupiga marufuku kelele. Hata mume wa fundi akawa ananyata kama mwizi ndani ya nyumba yake. Mtoto akalia mpaka sauti ikamkauka.

“Nipisheni,” fundi akasema, akavuta kiti mbele ya cherehani.

“Mwanangu, utamshtua mjukuu wangu!”

“Miezi tisa amelala kwa kelele hii, mama. Kinachomshtua ni kimya chenu.”

Akakanyaga pedeli. Mtoto akanyamaza, akapiga mwayo, akalala fofofo. Cherehani ikisimama tu, kilio. Basi fundi akawa ananyonyesha, anashona, ananyonyesha, anashona. Yeye ambaye mtaa mzima ulimjua kwa “njoo kesho” akaanza kuwapigia simu wateja waje kuchukua nguo kabla ya siku ya ahadi.

Baridi haijaisha, vitambaa vikaisha. Mtoto akakunja uso. Mama mkwe akajitupia shali, akatoka mbio kugonga milango ya majirani.

“Jamani, hamna hata suruali iliyochanika?”