Namba Iliyopigwa Pasi

Mvuke havai nguo yenye mkunjo, na balaa zima la mbio zake lilianzia hapo.

Kwa miaka ishirini na sita amesimama mbele ya mashine kubwa ya kupigia pasi katika chumba cha kufulia cha hospitali, akiingiza shuka bichi upande huu na mwenzake akilipokea likiwa limenyooka upande wa pili. Jina la Mvuke alipewa humo humo, kwa ajili ya mvuke wa mashine na, tuseme ukweli, kwa ajili ya hasira zake pia. Shuka likitoka na mkunjo mmoja, analirudisha. Mfanyakazi mgeni akithubutu kusema mgonjwa hata hatauona, Mvuke humuuliza kama yeye hulala kwa macho au kwa mgongo.

Basi jioni ya kuamkia mbio, alipokwisha kunyoosha fulana na suruali yake, akaitupia jicho ile namba ya kubandika kifuani aliyokabidhiwa na waandaaji. Ilikuwa imekunjwa mara mbili ndani ya bahasha. Mtu mwingine angeibandika hivyo hivyo akaenda zake kulala. Mvuke aliilaza mezani, akaipiga pasi mbele, akaigeuza, akaipiga nyuma. Huko nyuma kulikuwa na kipande chembamba kama utepe, nacho kikajikunja kwa moto kama ganda la kitunguu. Akakikandamiza kwa ncha ya pasi mpaka kikalala, akaridhika.

Kukimbia kwenyewe hakukuanza kwa starehe. Miaka miwili nyuma alianguka pale kazini, presha ikiwa imepanda, baada ya kuficha kizunguzungu wiki tatu nzima huku kila asubuhi akimwambia bintiye kwamba yuko ngangari. Binti huyo, kifungua mimba wake, ni muuguzi wa ghorofa ya pili katika hospitali hiyo hiyo, na wanaishi wawili tu katika nyumba ya vyumba viwili. Aliitwa akashuka ngazi mbio, roho juu, akamkuta mama yake chali juu ya mashuka safi. Alipozinduka, neno la kwanza la Mvuke lilikuwa kuuliza nani atayapiga pasi upya. Tangu siku hiyo binti hakuamini tena lolote ambalo mama yake alilisema kuhusu mwili wake, na huwezi kumlaumu.

Daktari alisema atembee. Akatembea. Miezi mitatu baadaye kutembea kukamchosha kwa jinsi kulivyomchelewesha, akaanza kukimbia kabla ya zamu, akipanda kilima cha tangi la maji na kushuka. Fundi wa boila, mzee mwenzake wa kazini, akamuuliza anakimbizwa na nani.

"Na kiti," alijibu Mvuke.

Alimaanisha kiti kweli. Binti alikuwa ameleta kiti cha kuegemea, chenye mito miwili, akakiweka dirishani. Pamoja na kiti akaandika barua ya kuomba kustaafu mapema, ikabaki kusubiri saini tu. Waligombana juu ya barua hiyo mpaka majirani wakaijua kwa kichwa. Mwishowe Mvuke akakata shauri.

"Nitakimbia kilomita ishirini na moja kwa muda usiofika saa tatu. Nikishindwa, nasaini. Nikiweza, unaichana, na kiti chako ukikalie mwenyewe."

"Na nitajuaje, mama? Kwa mdomo wako?"

"Kwa orodha yao. Wanatoa muda wa kila mtu kwenye simu."

"Haya. Orodha ikisema, nimekubali."

Sasa tumwone barabarani. Kilomita ya tano palikuwa na mkeka wa mpira umetandazwa njia nzima. Kila aliyeukanyaga, mashine ya pembeni ililia "pii." Pii, pii, pii, walio mbele yake. Mvuke akakanyaga kwa mguu wa kulia, kimya. Akarudi nyuma hatua mbili, akakanyaga kwa nguvu, kimya vilevile.

Msichana mwenye kofia ya waandaaji akamkimbilia, akainua kona ya ile namba na kuchungulia nyuma yake.

"Mama, hii imepigwa pasi?"

"Sasa ulitaka nije na makunyanzi?"

"Kidude cha kuhesabu muda kimeungua, mama yangu. Hutaonekana kwenye orodha. Pole sana. Ukitaka, basi la kubeba waliochoka linakuja nyuma."

Hapo Mvuke alisimama. Aliiona barua, akakiona kiti na mito yake miwili, akaona kwamba ameharibu kazi kwa mkono wake mwenyewe, tena kwa kitu anachokijua kuliko mtu yeyote mjini. Ilimuuma hasa. Kama orodha haitamwona, kuna faida gani ya kilomita kumi na sita zilizobaki?

Kisha hasira ikampanda, na hasira ya Mvuke ni mafuta ya kutosha safari ndefu. Akamwambia yule msichana basi lao walipeleke kwa wenye kulihitaji, akaondoka.

Alijikaza kisabuni. Alihesabu mashuka badala ya kilomita, shuka moja kila pumzi nane, kama anavyofanya mashine inapokwenda vizuri. Kilomita ya kumi na saba kidole gumba kilikuwa kinawaka moto ndani ya kiatu, na lile basi likaja likatambaa ubavuni mwake, mlango wazi. Dereva akamsihi apande, viti vipo tele. Kwa bahati mbaya ya dereva, alilitaja neno viti. Mvuke alimjibu maneno ambayo sitayaandika hapa, na abiria wote wakacheka, na basi likarudi nyuma likamwacha na hamsini zake.

Alipopita chini ya lango la mwisho, saa kubwa ya mbio juu yake ilionyesha saa mbili na dakika hamsini na tatu. Aliisoma mara tatu. Wakamvisha medali, akalia kidogo, akanywa maji, akaenda nyumbani.

Binti alikuwa ametoka zamu, bado na sare, simu mkononi. Uso wake haukuwa na ushindi wowote, na hilo lilimkera Mvuke zaidi.

"Mama, imeandikwa hukumaliza."

"Nimemaliza. Saa mbili na dakika hamsini na tatu. Niliipiga pasi ile namba, ikaungua."

"Mama."

"Medali hii hapa!"

"Wanampa kila mtu, mpaka waliopanda basi. Tulisema orodha." Akaisogeza barua na kalamu. "Ulishaniambia uko ngangari, nikakukuta chini. Siwezi tena, mama. Saini."

Mvuke aliitazama kalamu. Kisha akainama, akafunga upya kamba za viatu, akatoka mlangoni. Miguu ilikuwa imekuwa magogo, lakini magogo yalikwenda. Binti akanyakua barua akamfuata, kandambili zikipiga makofi barabarani.

"Mama, rudi! Utaanguka!"

"Ongea huku unakimbia."

Alimkamata kwa urahisi, ni kijana. Akamshika mkono, Mvuke akauvuta bila kupunguza mwendo, na wote wawili wakaanza kupanda kilima cha tangi la maji. Mpaka nguzo ya kwanza ya taa binti alikuwa anafoka. Nguzo ya pili alikuwa anasema neno moja moja. Nguzo ya tatu alifungua mdomo, hakikutoka kitu. Na hapo, kwa mara ya kwanza baada ya miaka miwili, Mvuke akapata nafasi ya kusema bila kukatizwa.

"Nilikudanganya," alisema. "Wiki tatu. Nilikosea, mwanangu, na sikukuomba radhi kwa sababu nina kichwa kigumu. Leo nakuomba. Umenisikia? Usijibu, huna pumzi."

Binti aliitikia kwa kichwa.

"Sasa sikiliza na hili. Siogopi kuanguka. Nimeanguka, nimeamka. Naogopa kile kiti. Unakiweka dirishani, unaniwekea mito, na kila nikikitazama naona umeshanizika kwa heshima zote. Orodha yao haikupanda kilima hiki. Wewe unakipanda. Basi wewe ndiye uniambie, huyu mtu aliye mbele yako amemaliza au hakumaliza?"

Binti alisimama, mkono ubavuni, akitweta kama boila mbovu. Kandambili moja ilikuwa imebaki chini, kwenye nguzo ya pili. Aliinua mkono wa mama yake, akaweka vidole viwili juu ya mshipa, akatazama saa iliyoning'inia kwenye sare yake. Alihesabu dakika nzima. Halafu akahesabu mapigo yake mwenyewe, dakika nyingine nzima.

"Mimi ndiye mgonjwa," alisema alipoweza kusema.

Barua ilikuwa imelowa jasho kiganjani mwake. Alijaribu kuichana, ikamteleza, Mvuke akamsaidia kushika upande wa pili, kama watu wanavyoshika shuka, wakavuta pamoja.

Walishuka taratibu, wakaokota kandambili njiani. Ndani, binti alifika dirishani akajibwaga kwenye kiti, amefumba macho. Mvuke akamletea maji, akamsogezea mto nyuma ya kiuno.

"Kizuri, eti?" alimuuliza.

"Kizuri mno, mama."

"Pumzika basi," alisema Mvuke, akachomeka pasi kwenye umeme. Kesho ilikuwa Jumatatu, na koti lake la kazi lilikuwa na mkunjo begani.