Kahambu Hamsifii Mwanawe

Usiku ule simu ya Kahambu haikupata usingizi. Kila baada ya kitambo aliinyanyua, akaisikiliza kama mtu anayesikiliza kifua cha mtoto mwenye homa, kisha akairudisha polepole mahali pake.

"Maman, ukiiinua hivi kila saa, ule muntu atakuta iko occupée, hataingia," Bienaimé alisema kutoka chumbani, mlango ukiwa wazi.

"Ninaangalia kama iko muzima."

"Ni simu, maman. Haigonjwake."

Kahambu akaipangusa kwa pindo la kitenge, akaketi tena kando yake. Alikuwa mzaliwa wa Butembo, mama wa makamo, mkazi wa Saint-Josse, mtaa wa Brussels, kwa miaka mingi, na kazi yake ilikuwa kusafisha vyumba katika hospitali kubwa ya Jette. Hiyo ilikuwa kazi ya mchana. Kazi ya pili, ile asiyolipwa wala kupewa likizo, ilikuwa wasiwasi. Alikuwa na wasiwasi juu ya jiko la gesi, juu ya barafu ya ngazini, juu ya ndugu waliobaki Kivu, na zaidi ya yote juu ya Bienaimé, mwanawe wa pekee, aliyekuwa rhéto, mwaka wa mwisho wa sekondari.

Bienaimé angecheza mpira wa kawaida kama watoto wa wenzake, mama yake angeuelewa wasiwasi wake. Lakini mwenzake wa shule alimpeleka Jumamosi moja kwenye klabu ya mpira wa Kimarekani, ule wa mpira wenye umbo la papai, na vijana wanaovaa kofia ngumu kama mafundi wa migodi. Huko wakagundua kwamba hakuna anayeweza kumkamata. Wakamfanya receveur: anasimama pembeni, wanamtupia mpira mbali, anaufukuzia na kuudaka huku wengine wakitaka kumvunja. Sasa kocha wa chuo kimoja cha Amerika, kilicho katikati ya mashamba ya mahindi, alikuwa amesikia habari zake. Akimpenda, atamsomesha bure. Alikuwa ameahidi kupiga simu kusema kama atakuja Brussels au hatakuja.

Simu ililia karibu na alfajiri, maana yule Mmarekani alihesabu saa kwa kurudi nyuma badala ya kwenda mbele. Kahambu alikuwa wa kwanza kuifikia.

"Allô? Oui! Yesu! Oui!" akapaza sauti, halafu akaishika mbali na sikio kana kwamba inauma. "Bienaimé! Kuja! Inasema Kingereza!"

Kocha alikuwa anakuja.

Jumamosi alitua uwanjani, mtu mkubwa mwenye shingo nyekundu na saa ya kupimia mbio. Kahambu alisimama nyuma ya waya na mwavuli wake, na kando yake Constant, aliyeitwa Tonton, yaani mjomba, kwa heshima tu, mtu wa Lubumbashi aliyewahi kuwatafsiria wahubiri wa kigeni kule Katanga. Alikuja na koti la Jumapili na tai.

Kocha akamwambia Bienaimé akimbie. Bienaimé akakimbia. Kocha akatazama saa yake, akaitikisa, akaigonga kwa kidole, akamwambia akimbie tena. Mara hii hakuigonga. Akatia saa mfukoni na kuanza kutupa mipira: mirefu, mifupi, mingine nyuma ya bega, mingine chini magotini. Mingi Bienaimé aliidaka. Michache ilimponyoka, na kila iliyomponyoka Kahambu aliipokea yeye tumboni.

"Anasema nini?" akamuuliza Constant kocha alipowakaribia.

"Anasema miguu ni ya Mungu, hakuna mwalimu anaweza kuifundisha. Mikono ni muzuri, lakini anaogopa kidogo mupira ukitoka nyuma. Akigeuka anasimamaka wima sawa twiga, ile itatengenezwa. Na anasema eko mwembamba sana." Constant akasita. "Anauliza kama anakulaka."

"Kama anakula?" Kahambu akafunga mwavuli kwa kishindo. "Mwambie kesho akuje kwangu. Ataona kama tunakulaka."

Kocha alikubali upesi kuliko walivyotazamia. Miguu ameshaiona, alisema. Asichokijua ni mwenye miguu. Kule kwake wamekuja wengi wenye mbio ambao hawasikii mwalimu, hawaamki, wanakimbilia nyumbani baridi ya kwanza ikianguka. Habari hizo anataka kuzisikia kwa mama mwenyewe. Juu ya hizo ndipo ataamua.

Bienaimé, aliyejua Kiingereza cha shule na cha uwanjani, alisikia yote. Njiani kurudi nyumbani alisema neno moja tu: "Maman, kesho pardon, sema muzuri."

"Mimi ninasemaka mubaya?"

Jumapili, baada ya ibada, meza ilijaa. Kahambu alikuwa ameyazunguka maduka ya Kiafrika ya Chaussée de Wavre tangu siku iliyotangulia: sombe, samaki thomson, ndizi za kukaanga, kuku, na fufu iliyosimama kama Ruwenzori. Kocha alikula vizuri. Alikula pilipili kwa bahati mbaya, akalia machozi kwa adabu, akaendelea. Kahambu akampenda. Ndipo maswali yalipoanza. Mtoto hawezi kutafsiri habari zake mwenyewe mbele ya mgeni, kwa hiyo Bienaimé alikaa na mikono magotini, na Constant akakohoa kusafisha koo.

"Mama Bienaimé, anauliza: mutoto anasikiaka akifundishwa?"

Sasa, kwa watu wa Kahambu, mama hamsifii mwanawe mbele ya mgeni. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Na mtoto anayesifiwa na mama yake anaitiwa macho ya watu. Mama hushusha. Kisha mgeni, kama amelelewa, hukataa: "Ah hapana, maman, huyu mtoto mbona ni mzuri!" Mama hushusha tena, mgeni huinua tena, mpaka mtoto anabaki juu, na hakuna aliyejisifu. Ni mchezo wa watu wawili.

"Huyu?" Kahambu akacheka, akampungia mwanawe mkono kama anayefukuza nzi. "Hasikiake. Ile masikio Mungu alimupa ya mapambo."

Constant akatafsiri. Alijivunia kwamba mkalimani si mpishi, haongezi chumvi. Kocha akaandika kitu.

Kahambu akangoja. Kocha hakubisha. Labda, alifikiri, hajashusha vya kutosha.

"Anauliza kama anaamkaka mapema."

"Eh! Ata mutupie maji. Anakufaka mpaka midi, saa sita ya muchana."

Kocha akaandika.

"Anauliza: ni muvivu?"

"Uvivu ulimuzaa, mimi nilimulea tu!" Akamtazama mgeni kwa jicho la kumtia moyo, kama unavyomsubiri mtoto amalizie mstari wa wimbo. Mgeni akatikisa kichwa kwa huzuni. Kahambu, kwa huruma, akamsaidia kwa kushuka zaidi: "Na kushika vitu? Sahani zangu zote yeye ndiye alizimaliza. Sijue mulimuonea wapi mikono."

Constant, jasho likimtoka chini ya tai, akatafsiri mpaka sahani ya mwisho. Bienaimé alikuwa akitazama zulia. Hakuweza kumpinga mama mbele ya mgeni. Kocha akashukuru kwa chakula, akasema Jumanne asubuhi anapanda ndege, akaondoka.

Mlango haujafungwa vizuri, Bienaimé akasimama.

"Maman, alikuwa anaandika!"

"Si nilikuwa ninamungojea anibishie? Ule muntu hana adabu!"

"Ni Mumarekani! Kwao chema njo kinajitembeza!" Kisha akashusha sauti, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko kelele. "Ulipenda nisiende. Sema tu. Ulipenda nibaki hapa."

Akaingia chumbani.

Jumatatu nzima Kahambu alisukuma mopo korido za hospitali na neno lile kichwani. Alijitetea kwa vyumba vyote. Nilifanya kama mama yangu alivyofanya. Nilifanya kama watu. Lakini alikuwa mwanamke wa kuchunguza, na alipojichunguza mwenyewe, aliona kwamba pale kwenye sahani, pale mwisho, ulimi wake ulikuwa umefurahi kidogo. Amerika ni mbali. Mtoto akiwa mvivu, anabaki. Alisimamisha mopo. Mwenzake Mflemish, aliyekuwa akionyesha kila mtu picha za binti yake anayecheza piano, akamuuliza kama anaumwa.

"Non," alisema Kahambu. "Niko na kazi."

Jioni ile Constant alikuwa kazini. Lakini binti yake, Graciella, aliyekuwa akisomea ukatibu na aliyekuwa na Kiingereza kizuri kuliko cha baba, alikubali kutafsiri, kwa sharti kwamba hakuna kupika maneno. Walikwenda wote wawili mpaka hoteli karibu na Rogier, wakapanda kwa lifti, wakasimama mbele ya mlango wa kocha kwenye zulia lililomeza viatu. Graciella akainua mkono abishe hodi.

"Ngoja!" Kahambu akamshika. "Nijaribu kwanza."

"Maman, ni kusifia tu."

"Ni kusifia tu? Wewe haujazaa, unaweza kusema hivyo." Akajikaza. "Bon. Bienaimé... Bienaimé hana ujinga mingi."

"Maman Kahambu!"

"Ni sifa!"

"Ni matusi yenye kuvaa tai. Ingine."

"Anaamkaka mapema." Akafikiri. "Siku zingine."

"Toa siku zingine."

"Nitoe juu ya nini? Ni kweli." Lakini akaitoa. Akafumba macho. "Anaamkaka mapema. Siku ya samedi anatoka giza ingali, mvua inanyesha, anaenda kwa mupira, na viatu anabebaka mukononi kwa ngazi ili asiniamshe. Anafikiri minalala. Silalake."

Graciella akaacha kucheka.

"Wakati balinipasua tumbo kwa hospitali, alikuwa mutoto mudogo tu. Alipika, alifua, alienda masomo, na jioni alikuja Jette na tramu peke yake kunionyesha devoirs za masomo. Hakuna muntu alimwambia. Na kusikia, anasikiaka mpaka kitu haujasema. Ukinyamaza, anasikia." Sauti ilikuwa imeanza kupanda, ikaenda mpaka mwisho wa korido, na mzee mmoja akachungulia kutoka chumba kingine. Kahambu hakumwona. "Na kukimbia! Mungu wangu, ule mutoto akikimbia, mie najishika kwa ile waya, juu wakimuvunja, nani atarudi kumuzaa mara ingine? Amuchukue! Amuchukue, mie nitalia, nitazoea, lakini asiseme eko muvivu, juu mie njo nilisema, na nilisema bongo, uongo mutupu!"

Alifumbua macho. Mkono wa Graciella ulikuwa bado hewani, haujagusa kitu. Kitasa kikageuka chenyewe.

Mlango ukafunguka, na aliyesimama pale alikuwa Bienaimé, kichwani amevaa kofia nyekundu ya chuo, bei yake bado inaning'inia. Nyuma yake kocha aliketi kitandani kati ya sanduku na soksi, akipangusa macho, na safari hii hakukuwa na pilipili.

"Nilitoka masomo nikakuja kumueleza desturi yetu," Bienaimé alisema taratibu. "Amenichukua, maman. Agosti." Akausukuma mlango mpaka ukutani. "Ingia, useme tena. Yeye alisikia sauti yako tu, hakusikia Kiswahili. Mimi njo nilisikia."