Utando Kwenye Kibuyu

Habari ya kifo chake nilipewa na muuza kanda wa stendi ya Mbinga, mtu ambaye kila nikipita alinilalamikia kwamba hajui kanda ya rafiki yangu aiweke fungu gani. "Yule wako wa gitaa," aliniambia akipunguza sauti ya redio, "juzi tumemzika kwao Matiri." Nyuma yake kanda zilikuwa zimepangwa kwa mafungu: dansi, kwaya, taarabu, za Kizaire. Ile ya marehemu ilisimama peke yake pembeni, kwa kuwa ndani yake mna dansi, mna wimbo wa kanisani, mna ngoma ya ziwani, na chini ya yote linanguruma gitaa la roki.

Ujana wake aliumaliza mjini, katika bendi ya vijana waliofuga nywele na kupiga roki hadi majirani wakafunga madirisha. Baadaye bendi ikachukuliwa na shirika moja la umma. Wakanyolewa, wakapewa mishahara na sare, wakafundishwa kwamba ala husafishwa kabla ya onyesho kama bunduki kabla ya gwaride. Kisha likaja wimbi hili la soko huria, shirika likafungwa, na kila mpigaji akaondoka na alichoweza kubeba. Yeye alibeba gitaa, akarudi kulima kahawa. Mcheza kwao hutunzwa, lakini yeye mwanzoni alitunzwa vicheko: mtu mzima, wajukuu wawili, anakwaruza nyaya. Mpaka siku aliyoteremka ziwani, Mbamba Bay, akawakuta wanaume wa ngoma ya mganda wamejipanga mistari, kaptura nyeupe, wanapuliza vibuyu. Alirudi amebadilika. "Ule mkwaruzo," aliniambia, "nimeutafuta kwa mashine miaka ishirini. Kumbe wazee wanaupuliza tu." Akaamua kurekodi kanda ya kwanza kwa jina lake mwenyewe. Mimi aliniita niandike maneno ya jalada.

Wapulizaji sita walipanda kutoka ziwani kwa lori, wakalala kwake. Ukumbi tuliazima parokiani kwa siku moja, jenereta ikiwamo, na fundi mitambo alikuwa amekuja na mashine zake kutoka mjini. Gari lake lilikuwa linaondoka saa tisa alasiri. Baada ya hapo hakuna aliyejua lini angerudi. Asubuhi marehemu aliingia na vibuyu vya wageni wake kwenye beseni, vinang'aa. Kiongozi wa mganda, mzee mfupi mwenye filimbi shingoni, alikiweka kimoja mdomoni. Kikatoa pumzi tu, kama mtu anayepuliza chai.

"Mwanangu," akauliza taratibu, "nani ameviosha?"

"Ni mimi, baba. Kwa sabuni. Nilitaka vipendeze."

"Tunapiga picha?"

Wenzake wakacheka hadi wakakaa chini. Mzee mwenyewe hakucheka. Kila kibuyu cha mganda kina tundu dogo ubavuni, na tundu hilo huzibwa kwa utando mweupe ambao buibui huubandika ukutani kufunikia mayai yake. Utando huo ndio unaotetema, ndio sauti yenyewe. Marehemu alikuwa ameusugua wote kwa mikono yake, kwa nidhamu ile ile ya bendi. Fundi akatazama saa. "Mzee, turekodi gitaa peke yake tu," alimwambia marehemu. Naye aliketi juu ya spika, akanitazama kama mtu aliyevunja chungu cha mama mkwe.

"Nyumba yenye watu haina utando wa maana," alisema yule mzee wa filimbi. "Mnalo jengo lililosahauliwa?"

Tulikuwa nalo. Tukaenda wote kwenye ghala la kahawa la ushirika, lililofungwa tangu wanunuzi binafsi walipoanza kufuata kahawa majumbani. Mlinzi, aliyekuwa bado analinda, alizipokea shikamoo zetu kwa mashaka. "Humu hamna kahawa. Mnataka kuchukua nini?"

"Buibui, mzee."

Alifikiri kidogo. "Chukueni. Hao hawamo kwenye orodha ya makabidhiano."

Ndani kuta zilikuwa zimejaa madoa meupe. Tulibandua kwa wembe, polepole, marehemu ameshika ngazi. Saa saba vibuyu vilizibwa upya. Saa nane kasoro gitaa lilianza, vibuyu vikajibu, na sikuweza kutambua kipi ni waya na kipi ni buibui. Walirudia mara moja tu. Kisha gari likaondoka.

Nilipomuuliza jaladani tuandike ni muziki gani, alijibu, "Andika wazee walivyonisamehe." Sikuandika, niliona aibu, nikapaacha wazi. Leo ningeandika.

Tuko katika miaka ya kufagia. Tunafagia mashirika, maghala, bendi, na mengi yalistahili ufagio. Mimi si wa kulilia kila kilichofungwa. Ila kila ninaposikia kwamba mahali fulani pamesafishwa, huwaona wazee sita wakipuliza bila sauti. Sote tutakosea, kama alivyokosea rafiki yangu, mara nyingi kwa nia njema na sabuni mkononi. Yeye alikwenda akashika ngazi kabla gari halijaondoka. Nilinunua ile kanda kwa muuza kanda, nikamwomba aagize nyingine na aendelee kuiweka pale pale, pembeni, peke yake.