Ng'ombe Aliyeita Dume

Maziwa yakifurika na kuungua jikoni kwangu, harufu ile hunirudisha kwenye zizi letu nyuma ya mji wa Baraka, nilipokuwa msichana mdogo na vita vilikuwa vimekaribia.

Tulikuwa na ng'ombe mmoja, chotara wa dume la kizungu la misioni. Yeye alijaza ndoo, wakati ng'ombe wa kienyeji wa shangazi alitoa bakuli moja tu, ingawa maziwa yake yalikuwa mazito. Wetu alipoanza kutaka dume, shangazi alimwambia baba, "Chukua dume yangu, kaka."

"Ile iko kadogo," baba akajibu. "Mutoto yake hatatoa maziwa mingi. Nitangoya ya misioni."

Kabla hajampeleka huko, basoda, yaani wanajeshi, walilichinja dume la misioni. Baadaye wakala na la shangazi.

Bila ndama mpya, maziwa yakapungua, na mama naye alikuwa amekauka kifua. Mdogo wangu mchanga aliishi kwa kile kidogo tulichokamua.

Tulikimbilia porini na ng'ombe wetu, pamoja na majirani. Huko akataka dume tena, akaanza kulia kwa sauti kubwa.

"Baba, munyamazishe!" jirani mmoja akasihi. "Batatusikia!"

Baba alimkumbatia ng'ombe shingo, akamfunga mdomo kwa kamba, lakini sauti iliendelea kutoka puani. Mwishowe akaomba kisu.

Siku ile watu wote pale porini walikula nyama. Mdogo wangu hakuwa na meno bado.