Miaka Aliyoikata Bibi

Bibi yangu alipomaliza eda ya babu, akaolewa na mfanyabiashara wa Horohoro. Siku ya kuandikishwa kitambulisho cha taifa akajikatia miaka kumi na sita, kama mtu anayepunguza gauni. Nilicheka sana wakati ule.

Kisha macho yake yakaingia mtoto wa jicho. Mwezi wa Ramadhani akatia chumvi badala ya sukari kwenye tambi za futari, nikaacha kucheka. Daktari alisema asipopasuliwa mapema atapofuka.

Wiki mbili nilizunguka maofisini, mwanangu mgongoni, kuuliza kipi ni kipi. Bima ya kaya ipo: unalipa, halafu unangoja kadi ianze kufanya kazi. Kadi ya wazee, ya kutibiwa bure, inaanzia miaka sitini. Bibi ana sabini na moja. Kitambulisho kinasema hamsini na mitano!

Nikamburuta hadi ofisi ya kata, Usagara. Mumewe akatufuata, akakaa kwenye benchi. Nikatoa kitambulisho cha mama yangu kiwe ushahidi. Dada wa ofisi akapiga hesabu mara mbili.

"Kwa karatasi hizi, bibi, binti yako ulimzaa ukiwa na miaka miwili."

"Zamani tulikuwa tunakomaa mapema," bibi akajibu.

"Bibi, sema kweli!" nikafoka.

"Punguza sauti, mke mwenzangu. Bwana anasikia."

"Asikie! Akishakuongoza chooni kwa fimbo, hatajua umri wako?"

Bibi akalivuta buibui lake vizuri, akasema kwa sauti ya ofisi nzima, "Sabini na moja! Haya, mmefurahi?"

Kwenye benchi mzee wala hakushtuka. "Mie mbona najua? Wiki ya harusi ulinihadithia ulivyocheza ngoma siku ya Uhuru. Nikahesabu, nikanyamaza."

"Kumbe unajua, na bado umeniacha nibebe ndoo za maji kama mwanamwali?"

Dada wa ofisi alicheka mpaka akafuta machozi, kisha akatuelekeza mahakamani kula kiapo cha umri. Njia nzima bibi hakumsemesha mumewe. Mimi nilisema kwa niaba ya wote.

Kadi ilitoka, jicho la kwanza likapasuliwa. Bandeji ilipofunguliwa, mzee alikuwa wa kwanza kusogea, anatabasamu. Bibi akamkagua uso, kunyanzi kwa kunyanzi.

"Na wewe, bwana," akamwuliza, "una miaka mingapi hasa?"