Nyoka wa Stoo ya Mahindi

Asubuhi ile tulikuwa tukianika mahindi kwenye turubai mbele ya nyumba yetu, upande wa Plateau. Mama alikuwa anashona magunia na kulalamika kwamba sindano za siku hizi zinapinda upesi. Kura zilikuwa zimeshapigwa, matokeo yalikuwa bado. Wazee wetu walitoka mkoa wa Central, lakini mimi nimezaliwa hapo hapo, na sikujua kwingine.

Kesho yake yalitangazwa, na moshi ukaanza kupanda kutoka upande wa barabara: nyumba za watu wa kutoka Central zilikuwa zinachomwa.

Mama Chebet, jirani yetu mwenyeji, alikuja kutuchukua akipitia nyuma ya ua. Alituambia tusibebe chochote. Akatuficha kwenye stoo yake ya mahindi, ya mbao, iliyoinuliwa juu ya nguzo.

Kupitia nyufa za mbao niliwaona nyoka. Nyasi na nyumba zilikuwa zinaungua, nao walikuwa wanahama. Walivuka uwanja mchana kweupe, mmoja, kisha mwingine, bila haraka. Kuku walisimama tu wakiwatazama. Mbwa hakubweka. Mama alinong'ona kwamba hata hao wamefukuzwa kwao.

Jua lilipoanza kuinama, vijana waliingia bomani kwa Mama Chebet. Nilimsikia akiwaambia kwamba hakuna mtu. Wakasema wataangalia wenyewe.

Tulilala chini nyuma ya magunia.

Mama akashtuka kidogo, kama mtu aliyechomwa na mwiba. Nikamgeukia. Alikuwa ameuma ncha ya leso yake, macho yamemtoka.

Mlango ukafunguliwa.

Ndipo nikausikia ule mvumo, mzito, kama gurudumu linalotoa upepo. Kifutu, nyoka mnene wa madoa, alikuwa ametambaa kutoka miguuni petu na kujikunja katikati, kichwa kikielekea kwenye mwanga. Uso wa kijana sikuuona. Niliona panga na gambuti zenye matope.

"Huku kuna nyoka," aliwaambia wenzake. "Hakuna mtu anaweza kaa humu."

Wakaenda.

Mama alinionyesha mguu wake. Juu ya kifundo palikuwa na matundu mawili madogo, na ngozi ilikuwa imeanza kuvimba.

"Mbona hukusema?" nikamuuliza.

"Ningelia wangetusikia."

Hospitali ya misheni haikuwa mbali, lakini barabara ilikuwa imezibwa kwa mawe na magogo. Mama Chebet alienda mwenyewe kuwasihi waliokuwa wakiilinda. Walimuuliza mgonjwa ni nani, akaogopa kumtaja. Alirudi, akakaa kando ya mama na kumshika mkono. Uvimbe ulipanda hadi pajani. Mama aliomba maji, kisha akaacha kuomba. Alikufa kabla jua halijachomoza.

Mama Chebet na mume wake walimzika nyuma ya zizi lao, bila wimbo na bila msalaba, ili kaburi lisionekane. Mimi nilitazama kupitia nyufa.

Miaka imepita. Nilirudi kutoka kambi ya wakimbizi, nikajenga tena. Watu wakichoma nyasi kabla ya kupanda, nyoka bado huingia majumbani, na majirani huwaua kwa fimbo. Mimi siwezi. Natoka nje na kumwita mtu. Yule kifutu aliniulia mama, lakini asingekuwepo, mimi na mama tungeuawa kwa panga. Nimejaribu kulipima jambo hilo, nami sijui niegemee upande gani.

Mambo yalipotulia, nilimwendea Mama Chebet kuzungumzia kumhamishia mama kwetu. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Huyu sasa ni wa kwetu pia," alisema. "Lakini ukitaka, mchukue."

Sikumchukua. Nikitaka kupalilia kaburi lake, napita kwenye geti la Mama Chebet, nabisha hodi, naomba ruhusa. Hajawahi kuninyima. Ila bado ni lazima niombe, ndipo nifike kwa mama yangu.